Jasho la Vita na Kiti cha Baraza

Mtu aliyeiweka roho yake hatarini kwa ajili ya nchi yake anastahili shukrani. Neno hili halina mpinzani. Lakini shukrani ina sura nyingi, na si kila sura yake ni halali kutolewa. Mtu akituokolea mtoto mtoni twaweza kumpa mbuzi, twaweza kumwandalia karamu, hata twaweza kumpa mtoto mwingine jina lake; bali hatuwezi kumfanya hakimu wa kesi za kijiji kwa sababu tu ajua kuogelea. Swali ninalotaka kulipima katika insha hii limo katika tofauti hiyo. Je, askari aliyerudi kutoka vitani, akasimama kushindana na mjumbe aliyekalia kiti cha baraza kwa miaka mingi, ana haki zaidi ya kiti kile kwa sababu ya vita alivyopigana? Na kama hana haki zaidi, vita vyake vina uzito gani katika mizani ya mpiga kura?

Swali kama hili halijibiwi kwa maneno matupu. Hapana budi tulipeleke mahali lilipoulizwa kwa kweli, na watu wakalijibu kwa kura zao, kisha wakaishi na matokeo ya jibu lao. Mahali hapo ni nchi ya Marekani, ambako kila baada ya vita askari wengi hurudi nyumbani, na baadhi yao hutaka kuingia katika baraza kuu la nchi, liitwalo Kongresi.

Kwanza yafaa kueleza maana ya kura za mchujo. Katika Marekani, kabla ya vyama kukutana uwanjani, kila chama huteua mtu wake. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wakubwa wachache wa chama, nao waliifanya nyuma ya milango iliyofungwa. Katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa nchi ile, gavana mmoja aliyeitwa Robert La Follette aliona desturi hiyo kuwa dhuluma, akapigania sheria ya kuwapa raia wenyewe kura ya kuteua. Wananchi waliikubali sheria hiyo mwaka 1904, na mwaka 1906 ikatumika kwa mara ya kwanza. Hata kwetu Kenya mchujo wa vyama unajulikana. Na kila mtu ajua kwamba katika sehemu ambayo chama kimoja kina nguvu nyingi, mshindi wa mchujo huwa amekwisha kuuvuka mto kabla ya siku ya uchaguzi wenyewe kupambazuka.

Gavana yule baadaye alikuwa seneta, akafa mwaka 1925. Kiti chake kilichukuliwa na mwanawe, mwenye jina kama lake, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Mwana huyu alikalia kiti cha Seneti kwa miaka 21, wala hakukikalia bure. Kuanzia mwaka 1936 aliongoza halmashauri iliyochunguza matajiri wa viwanda waliokuwa wakiajiri wapelelezi na watu wenye silaha ili kuwatisha wafanyakazi wao. Mwaka 1946 alikuwa na kazi nyingine kubwa, yaani sheria ya kutengeneza upya mwendo wa Kongresi yenyewe, ambayo ilipunguza halmashauri za Seneti kutoka 33 hadi 15. Sheria ile ilitiwa sahihi na Rais Truman tarehe 2 Agosti 1946. Kura za mchujo za Wisconsin zilikuwa tarehe 13 ya mwezi ule ule. La Follette alikaa Washington kuilea sheria yake mpaka ikakomaa, na alipofika nyumbani kuwaomba watu kura, siku zilikuwa zimekwisha.

Mshindani wake alikuwa Joseph McCarthy, hakimu kijana wa miaka 37, aliyetoka vitani. Mtu huyu hakukaa kitako wakati mwenziwe alipokuwa Washington. Alizunguka jimbo zima, mji kwa mji na shamba kwa shamba, akishika mikono ya watu. Na kila alikokwenda alibeba vita vyake. Matangazo yake yalisema kwamba Kongresi inahitaji mpiga bunduki ya rashasha wa mkiani mwa ndege. Picha zake zilimwonyesha katika mavazi ya vita. Alimlaumu La Follette kwa kutokwenda vitani, ingawa La Follette alikuwa na umri wa miaka 46 siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor mwaka 1941. Alimlaumu tena kwa kupata faida wakati wa vita kwa sababu ya fungu lake katika kituo cha redio. Lakini McCarthy mwenyewe, mwaka 1943, alikuwa amepata faida ya dola 42,000 kwa kununua na kuuza hisa.

Kura zilipohesabiwa, McCarthy alikuwa na 207,935 na La Follette 202,557. Tofauti ilikuwa kura 5,378. Uwanja wa mpira wa mji mdogo ungeweza kuwatosha watu hao wote. Mwezi wa Novemba McCarthy akashinda na uchaguzi wenyewe, akaingia katika Seneti. Hivyo mlango uliofunguliwa na baba kwa ajili ya raia ndio uliomtoa mwana nje.

Sasa tupime. Nataka nianze kwa kumtetea askari, maana mtu asiyeweza kusema hoja za upande wa pili hajui vema hata hoja za upande wake. Askari anaweza kusema hivi: Mimi nimekwisha kuonyesha kwa mwili wangu jambo ambalo wengine huliahidi kwa midomo. Kila mgombea husema kwamba aipenda nchi. Mimi nimeipenda nchi mahali ambapo mapenzi hayo yangeweza kuniua. Nimejifunza kutii na kuamuru, nimelala njaa pamoja na watu wa kila kabila na kila hali, nimewazika rafiki zangu. Tena wajumbe wa baraza ndio wanaoamua vita. Je, si vizuri wakati wa kuamua pawepo mtu ajuaye vita vinanuka namna gani?

Hoja hizi si nyepesi. Hasa hii ya mwisho ina nguvu, maana mkono uliokwisha kuungua huwa na heshima kwa moto. Baraza lisilo na mtu hata mmoja aliyeona vita laweza kupeleka vijana wa watu vitani kama mtu apelekaye barua posta. Kwa hiyo asemaye kwamba utumishi wa askari hauna maana yo yote katika uchaguzi amepotoka.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Jambo la kwanza ni la deni. Nchi ina deni kwa askari wake, na ahadi ni deni pia. Lakini deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa, halilipwi kwa mali ya mtu mwingine. Kiti cha baraza si mali ya wapiga kura wa siku moja, hata wakitoe kama zawadi. Ni mali ya watoto watakaosoma katika shule zitakazojengwa au zisijengwe, ya wagonjwa, ya wakulima, ya wajao na ya wasiojua hata jina la mgombea. Marekani yenyewe iliitambua njia bora ya kulipa deni lake. Mwaka 1944, kabla vita havijaisha, ilipitisha sheria ya kuwapa askari waliorudi msaada wa masomo, mikopo ya kununua nyumba na posho kwa wasiopata kazi. Askari wengi sana walisoma vyuoni kwa sheria ile. Hayo ndiyo malipo ya deni. Kiti cha baraza si malipo. Ni kazi mpya, na kazi mpya hutaka sifa zake yenyewe.

Jambo la pili ni la ushujaa. Twasema neno moja, ushujaa, tukadhani ni kitu kimoja. Ushujaa wa vita ni kwenda mbele wakati mwili wataka kurudi nyuma. Ushujaa wa baraza mara nyingi ni kukaa mahali pamoja: kusoma hesabu ngumu mpaka usiku, kumsikiliza mtu usiyempenda, kukubali kwamba mpinzani wako leo amesema kweli, kuwaambia watu waliokuchagua neno wasilotaka kulisikia. Vitani aliye mbele yako ni adui, na kazi yako ni kumshinda. Barazani aliye mbele yako ni mwananchi mwenzako, na kesho mtahitaji kura yake ili daraja lijengwe. Mtu aweza kuwa na ushujaa wa kwanza akakosa wa pili, na mtu aweza kuwa na wa pili bila kupata kamwe nafasi ya kuujaribu wa kwanza. Wako watu wenye yote mawili. Hao ni hazina. Lakini hatuwezi kujua kwamba mtu ana la pili kwa kutazama nishani ya la kwanza.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la ukweli. McCarthy alikuwa na haki yake ambayo hatumnyimi. Kwa kuwa alikuwa hakimu, sheria haikumlazimisha kwenda vitani. Alikwenda kwa hiari mwaka 1942, akawa afisa katika jeshi la Marines. Kazi yake katika visiwa vya Solomon ilikuwa kuwahoji marubani waliporudi na kukusanya habari zao, na mara kadhaa alipanda ndege za vita mwenyewe na kuketi nyuma penye bunduki. Hayo yangetosha kabisa kusimuliwa kwa fahari na mtu mwaminifu. Lakini hayakumtosha. Alidai kwamba aliingia jeshini kama askari wa cheo cha chini kabisa, hali aliingia akiwa afisa. Aliizidisha hesabu ya safari zake za angani. Alidai jeraha la vita, na kumbe mguu wake ulivunjika mwaka 1943 ndani ya meli, katika mchezo wanaofanyiwa mabaharia wanaovuka Ikweta kwa mara ya kwanza. Sisi tunaoishi juu ya mstari huo wa Ikweta, na kuuvuka kila siku kwa basi bila kuvunjika kitu, twaweza kucheka kidogo. Lakini kicheko kisitufiche maana. Mtu huyu alikuwa na shilingi halali mfukoni, akaichanganya na shilingi za bandia, mpaka ile halali nayo ikatiliwa shaka.

Mwenye kudanganya juu ya mambo mema aliyoyafanya, atashindwaje kudanganya juu ya mambo mabaya ya wengine? Jibu lilikuja baada ya miaka michache. Tarehe 9 Februari 1950, katika mji wa Wheeling, McCarthy aliwaambia watu kwamba ana orodha ya Wakomunisti waliojificha katika wizara ya mambo ya nje. Hesabu ya majina hayo ilibadilika kila alipoitaja. Kwa miaka minne watu wengi waliogopa; wengine walipoteza kazi na jina kwa tuhuma zisizo na ushahidi. Mwishowe aliligeukia jeshi lenyewe, ingawa ni mavazi ya vita yaliyokuwa yamemfikisha pale alipo. Mwaka 1954 mashauri ya ugomvi huo yalionyeshwa katika televisheni, raia wakaona kwa macho yao namna anavyowatenda watu. Na tarehe 2 Desemba mwaka ule ule maseneta wenzake wakamlaani kwa kura 67 dhidi ya 22. Alifariki mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 48. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Lakini fupi kwake yaweza kuwa ndefu kwa wale aliowakanyaga njiani.

Yawezekana msomaji kijana ataniambia kwamba nimemchagua askari mbaya ili nishinde mashauri kwa urahisi. Lawama hiyo ni ya haki, na nitaijibu kwa mambo mawili.

Kwanza, simtoi La Follette kama malaika. Kiti chake alikipata kwa jina la baba yake, na watu wengi wa Wisconsin walianza kuona kwamba ukoo ule wakihesabu kiti kile kama shamba la urithi. Alifanya kazi njema mbali, akasahau kwamba aliyetumwa hana budi kurudi kwa waliomtuma na kueleza alichofanya. Siku kumi na moja kati ya sheria yake na kura za mchujo hazikutosha kuziba pengo la muda mrefu. Wafanyakazi wengi wa mji wa Milwaukee, ambao yeye aliwatetea, hawakusimama naye siku ile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mjumbe akizoea kuchaguliwa hulitia maji hata lile jambo jema la kuwatembelea watu wake. Mpinzani si adui wa mjumbe aliyeko. Ni kengele ya kumwamsha. Kwa hiyo askari yule hakukosa kwa kusimama. Alikosa kwa kitu alichosimama juu yake.

Pili, nitamtoa askari mwingine. Miaka 68 baadaye, tarehe 9 Septemba 2014, katika jimbo la Massachusetts, kaskazini ya Boston, palikuwa na mchujo wa chama cha Demokrati. Aliyekalia kiti alikuwa John Tierney, aliyekwisha kuchaguliwa mara tisa mfululizo. Mpinzani wake alikuwa Seth Moulton, aliyekwenda vitani Iraq mara nne katika jeshi lile lile la Marines. Tazama namna mambo yalivyochanganyika hapa. Mzee Tierney alikuwa amepiga kura ya kuvipinga vita vile mwaka 2002, wakati ambapo kuvipinga hakukuwa rahisi. Na kijana aliyevipigana naye aliviona kuwa ni makosa, ila alikwenda. Nani shujaa kati yao? Kila mmoja kwa namna yake. Nishani peke yake isingeweza kuwaamulia wapiga kura wa pale.

Na nishani haikuamua, kwa sababu haikutajwa. Moulton alisema wazi kwamba alikuwa askari, hakuficha. Lakini baada ya kushinda mchujo ule, mwezi wa Oktoba, gazeti la Boston Globe lilichunguza kumbukumbu za jeshi likagundua kwamba alikuwa na nishani mbili za ushujaa, ambazo hakuwa amewaambia wapiga kura, wala hata wazazi wake. Waliomteua mwezi wa Septemba walimteua bila kuzijua. Mmoja alidai jeraha ambalo hakulipata vitani. Mwingine alinyamaza juu ya heshima aliyoipata. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapa nataka kusema jambo la nyumbani kwetu, kwa sababu ndilo lililonifanya nilifikiri swali hili tangu utoto. Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles. Mwaka 1944, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigana na Wajapani katika visiwa vya Pasifiki, yeye na wenzake kutoka Afrika Mashariki walikuwa wakishuka bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope, kuelekea mto Chindwin. Alirudi na nishani, akaiweka katika kopo la majani ya chai. Nilipokuwa mtoto mdogo, majirani walimtaka asimame kushindania uenyekiti wa halmashauri ya maji ya kijiji, dhidi ya mtu aliyeushika kwa miaka mingi na kuyaacha mabomba yaoze. Alikubali kwa sharti moja: pasiwe na mtu wa kuitaja Burma katika mkutano. Siku ilipofika alizungumza juu ya mabomba, bei zake na zamu za kuyatengeneza. Akashindwa kwa kura nne.

Nilikasirika sana. Mwaka ule tuliendelea kuchota maji mtoni, na kila nilipobeba mtungi nililaumu kopo la majani ya chai. Siku moja nilimwuliza kwa nini hakuivaa nishani yake. Alinijibu kwamba nishani ile alipewa kwa sababu hakuwaacha wenzake katika matope. Yenyewe haijui lo lote juu ya mabomba. Kisha akaongeza neno ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: kwamba kama wangemchagua kwa ajili ya Burma, bomba lingepasuka na watu wangeona haya kumwuliza.

Katika neno hilo naona kiini cha jambo lote. Hatari ya nishani katika uchaguzi haimo katika nishani. Imo katika midomo inayofungwa nayo. Raia husita kumwuliza askari maswali, akiogopa kuonekana hana shukrani. Lakini mtu asiyeulizwa ni mtu asiyechaguliwa. Huyo amevikwa taji tu. Wisconsin ilimvika McCarthy taji. Wachache walimwuliza wakati ule hesabu za safari zake, na walipokuja kumwuliza baadaye, alikuwa amekwisha kuwa na nguvu za kuwatisha waulizaji.

Hata hivyo, sikubaliani na babu yangu katika yote, na natumaini ataniwia radhi kaburini. Yeye alinyamaza kabisa, na mtu mwema akashindwa, na mabomba yakaoza mwaka mwingine. Unyenyekevu wake ulikuwa mzuri kwake, lakini sisi ndio tuliobeba mitungi. Mpiga kura ana haki ya kujua mtu anayetaka kumtumikia ni mtu wa namna gani, na maisha aliyoyapitia ni ushahidi. Kama mwalimu aweza kusema amefundisha, na mkulima kusema amelima, askari naye aweza kusema amepigana. Basi nasema hivi: na aseme, lakini aseme kwa kipimo chake halisi, bila kuongeza ratili moja, aseme kama ushahidi wa tabia, asiseme kama hati ya kudai, na akiisha kusema, akae tayari kuulizwa juu ya mabomba. Askari akifanya hivyo, jasho lake la vita ni mbolea nzuri katika shamba la raia. Akifanya vinginevyo, ni chumvi.

Sasa nirudi kwenye zile kura 5,378. Katika uchaguzi ulioshindwa kwa wingi mkubwa, mtu aweza kujifariji kwamba kura yake moja isingegeuza kitu. Katika mchujo wa karibu faraja hiyo haipo. Kama watu 2,690 tu kati ya wale waliomchagua McCarthy wangegeuka wakampa La Follette kura zao, historia ya nchi kubwa ingekwenda njia nyingine. Hao si jeshi. Ni watu wa tarafa moja. Pengine baadhi yao walipiga kura kwa sababu ya picha ya ndege. Pengine baadhi yao walikuwa na mwana aliyekufa Pasifiki, wakaona kwamba kumchagua askari ni kumlilia mwana wao. Siwezi kuwacheka hao. Lakini machozi ni mashauri mabaya mbele ya sanduku la kura, na marehemu hawaheshimiwi kwa kumpa mtu mwingine sifa walizozilipa wao.

Nanyi mnaosoma insha hii bado hamjapiga kura ya nchi, ila mnapiga kura nyingine. Mnachagua viranja, mnachagua manahodha wa michezo na wenyeviti wa vyama vya mijadala. Mara nyingi mfungaji wa mabao mengi huchaguliwa kuwa mwangalizi wa maktaba, na vitabu hupotea, na hakuna athubutuye kumwuliza kwa sababu alitufungia bao la ushindi. Zoezeni ndimi zenu sasa. Mpigieni makofi mfungaji wa mabao, mbebeni mabegani kuzunguka uwanja. Kisha, akija kuomba ufunguo wa maktaba, mwulizeni kama anapenda vitabu. Swali hilo halimtukani. Likiwa jibu lake ni ndiyo, naye akaweza kulionyesha, mpeni ufunguo kwa furaha mara mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Askari hana haki zaidi ya kiti, wala hana haki pungufu. Mjumbe aliyeko hana haki zaidi kwa kukaa muda mrefu, wala kwa jina la baba yake. Wote wawili wanasimama mbele ya raia mikono mitupu, kila mmoja na ukweli wake. Aliyepigana na tumshukuru kabla ya uchaguzi, tumshukuru na baada ya uchaguzi, ashinde au ashindwe. Lakini saa ile ya kura, shukrani na ikae kando kidogo, ili dhamiri ipate nafasi ya kuuliza.